Bwana Rudini na Akiba ya Vijana

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika Idara ya Takwimu, mkuu wa kitengo cha idadi ya watu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi hulitumia mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Bwana Rudini.

Jina hilo alijitakia. Wadadisi wanaohoji nyumba kwa nyumba wakileta umri wa watu, yeye hutazama tarakimu ya mwisho tu. Akiona mtaa mzima una watu wa thelathini, thelathini na tano na arobaini, asionekane hata mmoja wa thelathini na saba, anajua wadadisi wamekaa kivulini wakakisia. "Rudini!" Na walirudi, jua liwe kali vipi. Aliwahi kuutilia shaka hata umri wa mkewe, na shemeji yetu hajamsamehe mpaka leo.

Rasimu ya ripoti ya mwaka huu ilisema watoto wetu wengi sasa wanaingia umri wa kazi, kwa hiyo akiba ya taifa itapanda. Wakubwa waliipenda. Yeye hakuiamini hata kidogo. Alitupeleka kwa seremala wa miaka ishirini na saba, ambaye kwenye jedwali letu ni mweka akiba. Tulimkuta anasomesha wadogo zake wanne kwa kazi za kubahatisha. Mama yake akatuambia waziwazi kwamba hata jasho la mwanawe lina wenyewe.

Mzee akaandika onyo: umri peke yake hauleti akiba, vijana wapate kazi kwanza, na mzigo wa wanaowategemea upungue. Mkurugenzi akaahidi onyo litabaki. Kisha, ajabu, wiki ya kuchapisha ripoti, mzee akaambiwa ana likizo ambayo lazima aimalizie nyumbani. Tukashuku. Onyo likifutwa, akina seremala watapangiwa kulipia mipango ya nchi kwa pesa wasiyokuwa nayo.

Jana wanne kati yetu tulikwenda kwa mpiga chapa bila ruhusa ya mtu. Nakala ya kwanza ilitoka bila onyo. Mkurugenzi, kwenye simu, alisema ni bahati mbaya. Hatukumwamini, lakini tuligoma kuondoka mpaka mashine ikasimamishwa na onyo likarudishwa.

Mzee wetu, onyo lako lipo ukurasa wa tatu. Tunajua hutatuamini, kwa hiyo nakala tumeiweka kwenye kiti chako katika ukumbi wa kukuagia. Asante kwa kutulea. Kapumzike vizuri nyumbani, wewe na shemeji. Zamu ya kutolala sasa ni yetu.