Chupa za Laini ya Tatu

BABA PACHA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Nani mwenzako! Namba ya mkeo umeshaifuta?

BABA PACHA: Ah, Mama Pacha! Jua limepiga kioo, sioni kitu.

MAMA PACHA: Jua? Humo kiwandani?

BABA PACHA: La... la dirishani. Wageni wamefika?

MAMA PACHA: Wamejaa mpaka mlangoni, wifi yangu kakalia ndoo. Nachagua soda zako niwape, kama kawaida. Hebu nikumbushe zile namba za shingoni.

BABA PACHA: (anacheka) Miaka kumi na moja nawasomea wageni, na wewe bado tu! Tatu za kwanza ni siku ya mwaka. Mia moja ishirini na nane, hiyo ni Mei nane. Ya mwisho ni laini ya mtambo. Ukiona tatu, ujue imepita mikononi mwa mumeo.

MAMA PACHA: Ndivyo nilivyojua. Sasa kreti zote hizi ni moja, mbili, moja, mbili—

BABA PACHA: Za tatu zinagombewa, mama!

MAMA PACHA: Nimepata moja, nyuma ya rafu ya muuza duka, ina vumbi. Inasema sifuri, nne, moja, na mwisho tatu.

(Mtandao unakwaruza.)

BABA PACHA: Sikusikii vizu—

MAMA PACHA: Siku ya arobaini na moja, Baba Pacha. Februari kumi. Leo ni Mei.

BABA PACHA: Aa, mashine yetu ya kuchapa imeharibika, tunaazima namba ya wenzetu—

SAUTI: Mzee, kiatu changu tayari?

MAMA PACHA: Nani huyo?

BABA PACHA: Meneja.

MAMA PACHA: Meneja anakuita mzee?

BABA PACHA: Huyu mpya ana adabu sana.

SAUTI: Hiyo soli umeibandika, au unaitazama tu?



MAMA PACHA: Na mimi kila Jumapili nafua sare. Nikasema, mbona inanuka gundi? Nikajijibu, labda kahamishiwa kwenye lebo.

BABA PACHA: Mama Pacha, nilitaka kukuambia, ila—

MAMA PACHA: Shh! Kaka zangu wako hapa, masikio kama ungo. Wanakusubiri uwasomee chupa.

BABA PACHA: Nisome nini? Zangu hazipo.

MAMA PACHA: Ipo hii moja. Nimeifungia kabatini, hainywi mtu.

BABA PACHA: (anakohoa) Basi nafunga kiban... natoka kazini saa kumi.

MAMA PACHA: Toka sasa hivi. Na uje na gundi, kiatu cha kaka mkubwa kimeachama mdomo kama mwenyewe.

BABA PACHA: Wakiuliza nimejifunzia wapi?

MAMA PACHA: Waambie kiwandani wamefungua laini ya nne. Haya, salio langu lina—

BABA PACHA: Haloo? Mama Pacha? Haloo?

SAUTI: Mzee, vipi sasa?

BABA PACHA: Lete mguu, meneja. Leo tunafunga mapema.