Thobias Bujiku na Nyaya za Masumbwe

Wazazi wetu, viongozi wa kanisa, majirani wa hapa Ngokolo na nyinyi mliosindikiza mwili kutoka Masumbwe, wakubwa wote shikamooni. Familia imenituma mimi Agnetha, mama Eliya, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo wiki hii yamesemwa vibaya.

Thobias Bujiku alizaliwa hapa Ngokolo, Shinyanga, tarehe 14 Agosti 1989, mtoto wa pili wa mzee Bujiku na mama yetu Klara, akasoma shule ya msingi papa hapa mtaani kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007, kisha akajifunza umeme katika chuo cha ufundi hadi mwaka 2009.

Mwaka 2010 alikwenda Bugarama, akawa anafunga televisheni za kebo katika vyumba vya wachimbaji, na huko alimpata Paskalia, aliyekuwa akiuza chai karibu na stendi, wakafunga ndoa tarehe 20 Juni 2015, Mungu akawajalia watoto wawili, Herman na Suzana, ambao wamekaa hapa mbele.

Mwaka uleule wa ndoa walihamia Masumbwe, Thobias akaajiriwa na mwenye kebo wa pale, na nyaya nyingi zilizopita juu ya mapaa yenu, nyinyi wa Masumbwe, alizivuta yeye. Mwaka 2021 aliacha kazi hiyo, akafungua huduma yake ndogo ya intaneti, na watu walipochoka na picha za chenga aliwasaidia kuhama, wakaangalia taarifa ya habari, mpira na tamthilia kwa intaneti, na wenye televisheni za zamani aliwatafutia kile kisanduku kidogo cha kuchomeka nyuma. Hakukata waya wa kebo mpaka mama mwenye nyumba aweze kutafuta kipindi chake mwenyewe, watoto wakiwa nje, maana watoto hujifunza haraka na kumnyang'anya bibi rimoti. Kwa Bibi Eufrasia alirudi asubuhi nyingi, anaingia na salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, "mwangaluka, mayu", anampa rimoti, anamwambia, "Bibi, fanya kama mimi sipo," na bibi anamjibu, "Kama haupo, uji wangu anakunywa nani?"

Nyaya alizokata zilibaki zinaning'inia. Mwezi Januari mwaka huu, katika mkutano wa mtaa, Thobias alisimama akamwomba mwenye kebo, kwa heshima, azitoe nyaya zake kabla upepo haujaziangusha juu ya nyaya za umeme, akajibiwa mbele ya watu, "Aliyechukua wateja achukue na nyaya," mkacheka, naye akakubali, na tangu wiki ile akawa anazitoa, nyumba baada ya nyumba, kazi ambayo hakumdai mtu.

Mahali hapa husomwa ugonjwa, lakini kaka yetu hakuugua. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, asubuhi, baada ya mvua ya upepo, Bibi Eufrasia alimpigia simu kwamba waya umeanguka juu ya banda la kuku, akaenda, na kwa kuwa ni yeye aliyeukata waya ule, alijua hauna umeme, akaushika kwa mkono mtupu, kumbe nyuma ya nyumba ulikuwa umelalia waya wa umeme. Alifariki njiani, kabla ya kufika kituo cha afya.

Mchana ule ule ilisemwa sokoni kwamba alikuwa anaiba shaba ya kebo, na Paskalia aliyasikia maneno hayo akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba. Wapo waliosema hivyo ambao walikuwa mkutanoni, na wapo waliokuwa mkutanoni ambao walisikia wakanyamaza. Simu ya Thobias nilikuwa nayo mimi, jioni akapiga mteja mmoja kwamba mechi inakwama, nikamwambia Thobias amefariki, akasema pole sana dada, halafu akauliza ni nani mwingine anayeweza kuja kurekebisha.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliompokea ingawa halikuwepo la kufanya, na muuguzi yule ambaye sikumuuliza jina, aliyembeba mwanangu mgongoni nilipokuwa nalia, na majirani waliopika na kuchota maji, na Bibi Eufrasia, aliyemfunika kwa kitenge chake kipya na amesafiri leo na miguu yake ile mibovu. Tunamshukuru Abel, fundi wa kebo ile ile, mfanyakazi mwenzake wa zamani, ambaye Jumatatu aliomba umeme uzimwe, akaja na ngazi yake, akatoa nyaya zote zilizobaki mtaani kwa bibi, akijua atafukuzwa, na amefukuzwa.

Mwenye kebo ametuma shada la maua. Tumelipokea, lakini mama amesema halitawekwa juu ya kaburi mpaka aje mwenyewe, ayarudie maneno yake ya Januari mbele ya watu walewale waliocheka.

Pumzika kwa amani, kaka, hukuiba kitu cha mtu.