Tenga la Scholastika

Kijiwe chetu kipo sokoni Morogoro, ubavuni mwa duka la Kanubhai, na kahawa naimimina mimi, Kibwana. Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa na bidhaa za nje zinamiminika, mwanzoni mwa miaka ya tisini: Kanubhai kajaza ndoo za plastiki mpaka barazani, na wasusi wa matenga huko milimani wanazidi kupungua. Asubuhi moja kina mama wa Mgeta, huko huko milimani, walikuwa wameshusha nyanya zao mbele yetu, matenga yamepangwa mstari. Kati yao alisimama Scholastika, binti wa chuo kikuu aliyekaa mwaka mzima huko juu akijifunza kusuka mianzi. Mwalimu wake alikuwa njiani kutoka Dar kuja kumtahini, na binti wa watu alikuwa anatafuna kucha.

Bibisii, mwenye habari za kila kona, ndiye aliyeanza.

— Utafiti gani wa kusuka tenga? Yule anapima mlima. Wazungu washaununua!

— Wataupeleka wapi? aliuliza Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama.

— Ulaya, kipande kipande. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wahenga hawakuuza mlima, Bibisii.

— Mimi naona katumwa na kiwanda cha plastiki, alisema Kanubhai. Akijua siri ya tenga, wanatoa tenga la plastiki. Nitaliuza, lakini sijamtuma mimi!

— Wote mmepotea, alisema Jaji. Anasomea sanaa. Kaniambia mwenyewe, kuna mambo mkono unayajua, mdomo hauwezi kuyasema. Utafiti wake ndio huo mkono.

— Sasa mkono unasahihishwaje? aliuliza Kanubhai.

— Ndiyo kazi iliyopo leo. Tenga lake limechanganywa humo mstarini, na mwalimu kasema, likionekana la mgeni, shahada hakuna.

Nilikumbuka mwanzo wake. Tenga lake la kwanza liliachia kitako papa hapa, nyanya zikaviringika mpaka miguuni kwetu, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Theresia, aliyekuwa anamfundisha, hakucheka. Alilifumua lote, akamrudishia mianzi. Binti akaanza upya, vidole vinatoka damu, na tangu siku ile mimi nilimvulia kofia.

— Mtoto kajituma, alisema Bibisii. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Morogoro kuna upwa? aliuliza Jaji.

— Si kuna mto Ngerengere!

Hapo akatokea bwana mmoja mwembamba, begi begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Scholastika alimwamkia, kisha akainamisha kichwa. Mwalimu alipita kwenye mstari, akainama, akatikisa tenga hili, akapapasa kitako cha lile. Akarudi mpaka alipoanzia, kisha akatugeukia.

— Samahani, tenga la Scholastika ni lipi?

Jaji aliinua kidole, akakishusha. Bibisii alianza kuyahesabu matenga, akapotea katikati. Kanubhai alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Lile, alisema. Hapana, lile pale... Ngoja kwanza.

Mwalimu akamgeukia Mama Theresia.

— Mama?

— Unanunua nyanya, baba, au unanunua tenga?

Mwalimu alicheka kwa sauti, akampa Scholastika mkono, na binti akaangua kilio hadharani. Mama Theresia alimfuta machozi kwa ncha ya khanga, akamtwika tenga mojawapo kichwani.

— Haya, twende, nyanya hazisubiri shahada.

Akaondoka nalo, shingo imenyooka. Nilijisikia fahari kama nimemzaa mimi.

— Kibwana, alinong'ona Bibisii, ndilo lenyewe lile?

Niliinua dele nimmiminie anyamaze. Kahawa ilikuwa imekwisha.