Nukta Tatu Kando ya Pete za Zohali

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki, kabla sijaanza kusoma naomba mfumbe macho kidogo, na nyie watoto wa mbele pia, mwone ujia mwembamba wa nyumba ya marehemu kule Altadena, ule unaotoka jikoni kwenda chumba cha kulala, na ukutani kuna picha katika fremu ya mbao. Picha ni nyeusi karibu yote, kona moja imekatwa na pete za sayari ya Zohali, nyembamba kama nyuzi za cherehani, na kando ya pete zimejipanga nukta tatu, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Haya, fumbueni macho. Ndiyo picha iliyo kwenye jalada la kijitabu mlichopewa mlangoni, na ipo sababu ya kuanza nayo.

Marehemu Vernell Guidry Broussard, mdogo wangu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 karibu na Opelousas, Louisiana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Ferdinand Guidry, fundi wa plasta, na marehemu Azelie. Mimi, Odile, nilikuwa na miaka minne, na nilipoonyeshwa mtoto niliomba arudishwe alikotoka. Mwaka 1956 wazazi wetu walihamia Pasadena kwa treni, tukiwa na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, na Vernell alishinda dirishani safari nzima akimwuliza kila aliyepita kwa nini nguzo za karibu zinakimbia na milima ya mbali imesimama.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa Pasadena, akamaliza Juni 1967, akiwa hodari wa hesabu na mwenye mwandiko mbaya sana, nami nasema hivyo nikiwa nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Kuanzia 1968 hadi 1970 aliishi Oakland kwa binamu yetu, akisomea kusafisha picha, na juu ya miaka hiyo miwili sisi nyumbani tulijua machache, maana barua zake zilikuwa fupi na binamu naye amekwisha fariki.

Tarehe 5 Septemba 1972 aliajiriwa kwenye maabara iliyo chini ya milima, inakoongozwa mitambo inayotumwa kwenye sayari, akaanza katika chumba cha giza, kisha akahamia kwenye kompyuta, na chombo kilipofika Zohali Novemba 1980 alikuwa miongoni mwa waliozitia rangi picha za sayari ile na miezi yake. Mwaka huohuo alileta nyumbani picha niliyowaeleza, akaitundika mwenyewe, nasi tulipomwuliza akajibu, "Ni kazi yangu, msicheke," nasi hatukucheka, tulihesabu miezi mitatu, tukaenda kula. Alistaafu mwaka 2014.

Alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 17 Mei 1975 na Alton Broussard, fundi wa mabasi, aliyetutangulia tarehe 2 Februari 2003.

Kuhusu watoto, naomba mfungue ukurasa wa tatu. Mtaona pameandikwa "Idadi ya watoto", halafu pako wazi. Mchapaji hakukosea, wiki nzima alitupigia simu akitaka neno la kujaza hapo, na sisi hatukuwa nalo. Corliss mnamjua nyote, alizaliwa tarehe 14 Juni 1978, ndiye huyu aliyekaa mbele na koti la kijivu, na amenipa ruhusa niseme yote.

Marehemu alianza kusahau mwaka 2017, kwanza majina ya mitaa, baadaye majina yetu, na madaktari walitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Agosti mwaka huu, Corliss alipoingia chumbani na uji, mama yake alimtazama, akatazama mlango nyuma yake, akasema, "Vizuri umekuja. Wenzako wawili wako wapi?"

"Wenzangu gani, Mama?"

"Usinichezee. Mko watatu."

Siku za mwanzo tulicheka, na Corliss akajaribu kumtuliza kwa kumwambia wameenda dukani, lakini marehemu alikasirika kweli, akapiga shuka kwa kiganja, akasema, "Dukani wanafanya nini saa hizi? Waite! Siwezi kuanza bila wao." Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa, kila Corliss alipoingia, na kila mara akihesabu kwa kidole, mmoja, halafu kidole kikibaki hewani kikitafuta.

Basi Corliss akaacha kucheka. Jioni moja aliweka sahani mezani akasema, "Mama Mkubwa, niambie ukweli. Nina ndugu?"

"Mwanangu, ningejua ningekuambia."

"Alikaa Oakland miaka miwili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa anafanya nini huko?"

"Anasomea picha."

"Picha tu?"

Kweli sikujua, na kutojua kwangu kulimuumiza kuliko jibu lolote. Mama yake alipofariki ndipo likawa zito zaidi, kwa sababu ilibidi tupange viti vya mbele, na Corliss alisimama pale chini ukumbini ameshika orodha ya viti, akaniambia, "Kama wapo, hapa ndipo pao. Nitamzikaje mama wa watu, na wao wako mahali wananunua maziwa, hawajui?" Mchungaji alishauri tuiache nafasi ile ya kijitabu wazi na tumwachie Mungu, na mimi, niliyezoea kuwa na jibu la kila mkono unaonyooshwa darasani, nikampigia mchapaji kumwambia asijaze kitu.

Nirudi nyuma kidogo. Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2019, mchana, marehemu aliamka na macho maangavu, akamwita Corliss kwa kidole ainame, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akafumba jicho moja, akaanza kuusogeza uso ule polepole. "Kushoto kidogo," akasema. "Juu. Kidogo tu, usiharakishe. Hapo." Halafu akatabasamu, mara ya kwanza tangu Agosti, akasema, "Sasa." Corliss alidhani nywele zake zimekaa vibaya. Mimi nilidhani mto umemziba asione. Hakuuliza tena habari za wawili wale, na Ijumaa tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, usingizini.

Jana, tukiwa bado tumechanganyikiwa, alikuja Mzee Wendell Kashiwagi, aliyeketi meza moja na marehemu kazini kwa miaka mingi, akiwa na mfuko wa malimau ya mti wake. Alipita ujiani kuyapeleka jikoni, akasimama mbele ya picha, akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

Corliss akatoka chumbani. "Mzee, kuna nini cha kucheka kwenye nyumba hii leo?"

"Samahani, mwanangu. Aliitunza! Mama Miezi Mitatu, kumbe aliitunza!"

Akatueleza taratibu, nami nawaeleza vilevile. Kamera ya chombo kile huona nyeusi na nyeupe tu, hivyo hupiga mara tatu, mara moja kupitia kioo chekundu, mara moja cha kijani, mara moja cha buluu, na picha hizo tatu zikilazwa moja juu ya nyingine, rangi hutokea. Lakini mwezi mdogo ulio karibu na pete haumngojei mtu, kati ya picha na picha umekwisha sogea, kwa hiyo mwezi mmoja unaonekana mara tatu. Wiki ile ya kwanza ya Zohali, Vernell aliziona nukta zile, akavua viatu, akakimbia ujia wote wa ofisi akipiga kelele, "Nimepata mitatu! Mitatu mipya!" na wenzake wakamwacha afike mwisho kabla ya kumwambia. Jina halikumtoka hadi anastaafu. Kila mgeni alipoanza kazi, alimketisha mbele ya picha ya namna hiyo, akamwuliza ni mingapi, na mgeni akisema mitatu, alimpa mkono, akamwambia, "Karibu. Sasa tuko wawili."

Corliss akauliza, "Na mlikuwa mnairekebishaje?"

Mzee Kashiwagi akaweka kidole juu ya kioo cha fremu, kwenye nukta nyekundu, akafumba jicho moja. "Unazileta pamoja," akasema, akisogeza kidole. "Kushoto kidogo. Juu. Kidogo tu. Hapo."

Hakuna aliyekuwa amemsimulia mambo ya ile Alhamisi. Corliss aliketi sakafuni palepale ujiani, akasema, "Mmoja?"

"Mmoja, mwanangu. Ulisogea tu."

Sasa, ndugu zangu, sisemi kwamba nimeelewa yote. Labda mdogo wangu alimwona Corliss mchanga, na Corliss wa shule mwenye pengo, na Corliss huyu wa leo, nao, kama picha zile, wakakataa kulala mmoja juu ya mwingine. Labda ilikuwa mikono tu inakumbuka kazi. Na Oakland imebaki Oakland, siwezi kuapa. Lakini leo asubuhi, tukiwa ndani ya gari, nilimwuliza Corliss nisome nini, akaniambia, "Soma mmoja, Mama Mkubwa. Alinihesabu mwenyewe."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja nyumbani, majirani kwa mchuzi wa bamia na kwa kuketi nasi bila kuuliza maswali, wafanyakazi wenzake wa zamani, wanakwaya, na wote walioleta vyungu visivyo na majina, viko chini ukumbini, tafadhali kila mtu atambue chake.

Mbele ya kila kiti, karibu na bahasha za sadaka, kuna penseli fupi. Naomba mzichukue, mrudi ukurasa wa tatu, na pale palipo wazi mwandike, kwa mwandiko mzuri kuliko wake, mmoja. Na siku mgeni wenu atakapotazama jalada hili akasifu miezi mitatu, naomba mkumbuke neno hilo moja, mmwambie kwa upole kwamba mwezi ni mmoja, ulikuwa safarini.

Vernell, mdogo wangu, lala salama. Corliss yuko hapa. Hakuna mwingine wa kumngojea.