Bi Dama na Puli Iliyotoroka Mama Ngina

Tarehe 31 Machi, Bi Dama Mung'aro atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya Liwatoni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza malori ya samaki na kuwasema madereva wake. Kazi zote mbili alizifanya kwa bidii sawa.

Alipofika kutoka Kaloleni akiwa msaidizi wa fundi, mkuu wa karakana wa enzi hizo alimpa kazi ya kuosha nati tu, akitumaini atachoka arudi kwao. Aliyechoka ni mkuu. Bi Dama alipanda ngazi hadi akakikalia kiti chake, na malori yetu yakawa yanafika Voi na Malindi samaki wakiwa bado na barafu. Kazi anaijua, na hata siku moja hakutuficha kwamba anaijua.

Lakini wasifu wa Bi Dama usioitaja puli haujakamilika. Mwenyewe ametuagiza tuisimulie sawasawa kabla Athmani hajaitia chumvi.

Athmani, dereva wa lori dogo, alikwenda karakana akasema, "Bi Dama, lori lalia huku mbele, na likisimama latetemeka." Bi Dama alisikiliza kidogo, akabadilisha mkanda wa injini, akafunga boneti. Baada ya siku chache Athmani akarudi na malalamiko yale yale.

"Lalia kwa kuwa dereva ni wewe," Bi Dama akamwambia. "Ningekuwa lori mimi, mwanangu, ningelia zaidi."

Wafanyakazi walicheka. Naye, kwa kufurahia kicheko, akaapa mbele yetu sote: ikionekana lori lina ugonjwa mwingine zaidi ya mkanda, ataosha kreti za samaki mwezi mzima.

Jumamosi iliyofuata lori hilo lilibeba nguru wa harusi ya Mwanatumu, karani wetu wa mauzo. Wapishi Mji wa Kale walikuwa wameshakuna nazi. Athmani alikwepa foleni kwa kupitia barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, na hapo akasikia kishindo, kisha akaona pete ya chuma ikimpita, ikielekea baharini bila yeye.

Ilikuwa ni puli ya krenki, lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mikanda na kutuliza mtetemeko. Ni pete mbili zilizounganishwa kwa mpira, na mpira huo ulikuwa umekufa zamani. Mkanda ukachomoka, pampu ya maji ikasimama, mtambo wa kupoza samaki ukanyamaza. Na jua lilikuwa limeshapanda.

Athmani alipiga simu karakana akaeleza alichokiona, na Bi Dama akafika kwa tuktuk, puli mpya mapajani. Athmani aliichukua ile pete, iliyokuwa imezuiwa na meza ya muuza mihogo, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka posa.

Bolti ya kati ilikataa kufunguka. Bi Dama alimweka Athmani ndani atie gia na akanyage breki, akavisha spana bomba refu, kisha wakaning'inia nalo yeye, muuza mihogo na wauza madafu wawili. Bolti ikaachia ghafla, wote wanne wakakaa chini. Wa kwanza kuinuka alikuwa yeye. Akaivuta pete ya ndani iliyobaki, akatia puli mpya, akarudisha mkanda. Injini ikawaka, haikutetemeka.

Alisimama akiisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Athmani kwa sauti ya chini, "Ulinambia, nami sikusikiza. Haya, nenda, watu wataka kula."

Nguru walifika na barafu yao. Mwanatumu alipata habari baada ya fungate.

Jumatatu Bi Dama alivaa aproni akaanza kuosha kreti, huku akiimba taarabu kwa sauti ambayo Mungu hakuipangia kuimba. Bwana Seth, meneja wetu, alishuka kumwomba apunguze. Akaombwa ashike brashi kidogo tu. Mwezi ulipokwisha, nusu ya ofisi ilikuwa ikisugua, na Bi Dama amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akikagua kama pembe zimetakata.

Tangu siku hizo, dereva akilalamika, Bi Dama hukaa pembeni yake garini, wakauzunguka mtaa wa Tudor pamoja, yeye akisikiliza kimya. Hicho kimya ndicho kilichomgharimu kuliko kreti zote. Athmani anasema ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, nasi hatupingi.

Kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani, alijibu tusijisumbue: jeki kubwa ya karakana ameshaipeleka nyumbani.

Ahsante, Bi Dama, kwa malori, kwa maneno, na kwa kutufundisha kusugua. Mungu akupe afya na mapumziko marefu, na awape majirani zako subira. Jeki ni halali yako.