Akuam na Kondoo wa Mahari

"Batula, usicheke! Anayecheka ni yule amelipa kiingilio!"

Hivyo ndivyo ndugu yetu Daniel Akuam Ekal alivyolalamika mwezi wa Machi mwaka huu, amekaa kwa kiti cha plastiki ukumbini, miguu imevimba, akifundisha waigizaji wake. Batula, mmoja wao, akamjibu, "Basi mwalimu, andika vitu za kuhuzunisha." Walizozana mpaka mwenye ukumbi akachukua funguo zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Chechelesi, kifungua mimba wa mama yetu Nakal na marehemu baba yetu Ekal. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1986 na kumaliza kidato cha nne 1998. Darasani alikuwa wa katikati. Kwa kuiga sauti ya mwalimu mkuu alikuwa nambari moja, na viboko pia.

Mwaka wa 2000 aliandikwa karani katika soko la mifugo. Mbele ya cheti cha mauzo aliandika ng'ombe, nyuma akaandika matusi ya madalali. Huko nyuma ya vyeti ndiko zilitoka tamthilia zake kumi na moja. Mimi dada yake Akidor nilisema hiyo si kazi. Nilikosea, na nimeandika hapa ili nisiulizwe tena.

Tarehe 20 Desemba 2008 alipeleka mahari kwa kina Karwitha, mchumba wake, kule Meru. Baba ya Karwitha, Mzee M'Ikiara, alitaka kwanza mwati, yaani kondoo jike ambaye hajawahi kubeba mimba. Bila huyo, kwao mahari haijatolewa. Akuam akachagua aliyenona kuliko wote sokoni. Wazee wakiwa bado wanakunywa uji, kondoo akalala chini, akazaa. Mapacha.

"Mturkana gani hajui kondoo mwenye mimba?" Mzee aliuliza.

"Mzee, mimi nilidhani ameshiba."

Mwaka uliofuata Mzee aliwaacha wafunge ndoa kanisani, lakini alikataa kumwita Akuam mkwe. Naye Akuam, hana adabu, akaandika kisa chote. Mwaka wa 2012 kikawa vipindi ishirini na sita vya televisheni, vikajenga nyumba na kulipa karo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka. Mara tatu Akuam alimpelekea mwati halali, mara tatu akarudi naye. "Peleka kwa televisheni," aliambiwa. Hiyo ilimuuma kuliko ugonjwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2022. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wauguzi walimshtaki kwamba anawachekesha wakitafuta mshipa. Alituacha Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, Karwitha akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama Nakal, mjane wake Karwitha, binti zake Kendi na Apua, mimi dada yake, na Mzee M'Ikiara. Jumanne Mzee alisimama kwenye mkutano wa mazishi.

"Yule kondoo alinizalia mapacha," alisema. "Hao nao wakazaa. Sasa niko na ishirini na tatu, na sijanunua hata mmoja. Kati yao mwati wangu nilishapata. Jumamosi nazika mkwe wangu."

Mungu amlaze Akuam mahali pema. Hadaiwi.