Bi Mapenzi Thoya na Mashua Isiyokuwa ya Nahodha

Baada ya miaka ishirini na minane ya kuwatembeza wageni katika nyumba yetu ya vyombo vya bahari hapa Mji wa Kale, Bi Mapenzi Thoya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Magoti yake, asema, yalistaafu zamani. Yalikuwa yakimngoja yeye.

Aliajiriwa kufagia. Akaanza kuulizauliza habari za mashua ndogo zinazobebwa na manowari, zile zinazoning'inia ubavuni na kuteremshwa bandarini, na hakuacha tena. Yeye huziita "watoto wa manowari". Alitufundisha kuzitambua: usihangaike na omo, kwa mbele zote zafanana, zunguka nyuma uitazame tezi. Iliyochongoka mbele na nyuma ni ya kuokolea watu kwenye mawimbi. Yenye tezi bapa na tumbo pana ni ya mizigo. Nyembamba, ambayo kila ubao hukaliwa na mpiga kasia mmoja tu, ni ya nahodha. Siku hizi manowari huja na boti za mpira za kijivu, zote sura moja, naye huzitazama akapiga miayo.

Fahari yetu ni mashua nyeupe iliyo uani. Kibao chake, kwa Kiswahili na Kiingereza, kilisema ni ya nahodha wa manowari. Bi Mapenzi ndiye aliyeitambua, nayo ikampa jina: hata akienda Marikiti kununua mboga, watoto humwita Mama Nahodha.

Mwezi huu tulikuwa tukiikwangua rangi, yeye na mimi ninayesaidia hapa wakati wa likizo. Chini ya rangi tukakuta nafasi za makasia zilizozibwa, mbili kwa kila ubao, kulia na kushoto. Yaani waliketi wawili wawili. Si ya nahodha; ni mashua ya mizigo. Bi Mapenzi akakaa juu ya ndoo, jasho likimtiririka. Nikiri tu: nilitamani tuipake rangi upesi, tunyamaze, twende zetu nyumbani.

"Hili tumbo nililiona tangu mwanzo," akasema. "Nikadhani nahodha wake alikuwa mnene."

Msimamizi wetu, Bwana Ishaq, hakucheka. Maharusi huja kupigwa picha ndani ya mashua ile.

"Bi Mapenzi, wabakisha siku chache tu. Si ukiache kibao kama kilivyo, uende ukapumzike? Maharusi tutawaambia nini?"

"Waambie wakae wawili wawili. Nafasi ipo."

Akaandika kibao kipya kwa mkono wake; Kiingereza akaniachia mimi. Juzi walikuja watoto kutoka mtaa wa Buxton, akawaeleza kwamba mashua hii ilipeleka maji na vitunguu manowarini. Mmoja akamkatiza: "Kumbe wewe si Mama Nahodha, Bi! Ni Mama Vitunguu!" Wote wakaangua kicheko.

"Ndiye mimi," akajibu, kwa sauti iliyochoka kweli. "Haya, Mama Vitunguu asema piteni nyuma, mtazame tezi."

Asante, Bi Mapenzi, kwa miaka yote uliyosimama juani kwa ajili yetu. Tunakutakia asubuhi zisizo na wageni, na chai utakayoinywa ingali moto. Kibao chako kimekauka. Bwana Ishaq amekipigilia misumari mwenyewe.